Kiapo Kwamba Wewe Si Baba Yangu

Chumba namba tisa,
Ghorofa ya tatu,
Nyumba ya Wafanyakazi wa Dobi la Hospitali.

14 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, na si juu ya ngazi ukiandika bango la mtu. Mama aliniambia kwamba tangu umalize lile la duka la dawa bega limekuwa zito, na mkono haupandi kupita sikio. Je, ile dawa ya kuchua niliyotuma imefika? Usiihifadhi kabatini kama unavyohifadhi kila kizuri. Ipake, iishe, nitatuma nyingine. Na Mama Mdogo je, macho yake? Miwani mipya anaivaa au bado anaifungia kwenye kasha lake siku za kazi na kuitoa siku za wageni?

Mimi huku ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, kazi naenda. Ya moyoni nayaandika hapa chini, na naomba uvumilivu wako, kwa sababu binti yako ana hasira, na unajua nikiwa na hasira sentensi zangu huwa ndefu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa simu yangu hupokei. Nimepiga Ijumaa, nimepiga Jumamosi. Jumapili akapokea mdogo wangu wa mwisho, akaniambia umelala. Saa nne asubuhi! Baba, tangu lini wewe ukawa wa kulala saa nne asubuhi? Nikambana, akajikanyaga, akampa Mama simu. Mama hajui kuficha. Akaniambia kwamba umekaa chumbani siku ya tatu, brashi umezifunga kwenye gazeti, na neno lako ni moja tu: "Nimemharibia mtoto."

Hujaniharibia kitu. Nimeianza barua na hilo ili usilitafute huko mbele. Hasira yangu ina wenyewe, nitawataja mmoja mmoja, na wewe humo ndani umo kidogo sana, tena kwa kosa jingine kabisa.

Barua hii anakuletea muuguzi mmoja wa kwetu anayerudi likizo. Ni mwaminifu, ila anapenda maongezi, kwa hiyo mpe chai na umruhusu aondoke. Amebeba bahasha mbili. Hii ya kwanza isome mwanzo mpaka mwisho. Ile ya pili usiifungue mpaka nikwambie.

Sasa nikueleze kwa utaratibu, maana najua huko mmesikia vipande vipande.

Pasipoti yangu inakwisha mwishoni mwa Mei. Kibali cha kuishi huku hawakiongezi kama pasipoti imebakiza chini ya miezi sita, na bila kibali jina langu halikai kwenye orodha ya zamu. Msimamizi wetu, yule mama niliyekwambia anatembea na filimbi shingoni, ameniita mara mbili. Si mbaya, lakini sheria ni sheria, na amenipa mpaka mwisho wa Aprili. Baada ya hapo mashine yangu ya kunyooshea mashuka anapewa mwingine, na mimi nafungasha. Miaka tisa ya kazi, Baba. Nilianza kwa kutenganisha mashuka machafu, leo nasimamia mashine mbili na wanawake sita. Nimekalia kuti kavu, na aliyenikalisha hapo hajui hata shuka la hospitali linakunjwaje.

Basi mwezi wa kwanza niliomba ruhusa, nikaenda ubalozini kwetu. Usidhani ni jumba lenye bustani na bendera kubwa. Ni ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro. Unapanda ngazi ukinusa sponji mpya, unaingia kwenye chumba chenye viti vya plastiki vilivyofungwa kwa bolti sakafuni, kana kwamba kuna mtu angetamani kuviiba. Madirisha ya huduma ni matano. Manne yamefungwa kwa pazia. Kuna mtungi wa maji ya kunywa lakini vikombe hakuna. Ukutani wamebandika maandishi makubwa: TABASAMU, UKO NYUMBANI. Herufi zenyewe zimepinda, wewe ungeona aibu kuzitazama. Nilikaa chini ya maandishi hayo tangu saa mbili hadi saa saba na nusu.

Zamu yangu ilipofika, picha zangu zikakataliwa. Nyuma hapakuwa peupe vya kutosha. Nikashuka chini kwa mpiga picha jirani na magodoro, nikapigwa nyingine mbele ya ukuta uleule weupe, nikarudi, zikakubaliwa. Hilo nalimeza, nimeshameza mengi.

Dirishani alikuwepo kijana mwenye tai fupi. Jina lake silijui, mimi namwita Bwana Mfumo, kwa sababu kila unachomwuliza jibu lake ni mfumo. Mfumo unakataa. Mfumo haujafunguka. Mfumo unataka. Akachukua cheti changu cha kuzaliwa, akachukua pasipoti ya zamani, akaangalia hiki, akaangalia ile, akasugua kidevu.

"Dada, hapa una baba wawili."

"Ndiyo," nikamjibu, maana ni kweli.

"Mfumo unakubali mmoja."

Nikadhani anatania. Nikacheka hata. Kumbe mwenzangu hatanii. Akageuza kioo chake nione: kwenye cheti kuna jina la Marehemu kaka yako, kwenye pasipoti kuna jina lako. Zamani makaratasi haya yalikaa kwenye majalada tofauti, kila moja na vumbi lake, wala hayakujuana. Sasa wameyakutanisha kwenye kompyuta, na kompyuta ikishaona majina mawili ya baba, inaamini mimi ni watu wawili, au ni mmoja mwenye hila.

Wewe na mimi tunajua ilivyokuwa. Ile siku ya Uhamiaji ulinisindikiza umevaa shati la kola, lile lenye tone la rangi ya bluu ambalo halitoki. Ukaninyang'anya fomu. Ukasema hati yangu ni ya kuku, serikali itashindwa kuisoma. Ukajaza mwenyewe, herufi kubwa, zimesimama kama askari. Ulipofika kwenye "jina la baba" hukusita hata kidogo. Ukaandika jina lako, ukahamia mstari wa pili. Nami nilikuwa nimekaa kando yako nikitazama, na sikuona kosa. Ningeonaje? Hakuna siku niliyowahi kukuita vinginevyo. Karani naye akagonga mhuri. Jina la ukoo ni la babu, na babu ndiye baba yenu nyote wawili, kwa hiyo hakuna aliyestuka kwa miaka tisa.

Nikamweleza Bwana Mfumo haya yote kwa sauti ya chini, kwa adabu uliyonifundisha. Kwamba Marehemu alifariki mimi sijaanza kukaa. Kwamba wewe ni mdogo wake wa kumfuata. Kwamba ulinilea.

"Kwa hiyo huyu ni baba mdogo. Siyo baba."

Nikamwuliza nyumbani kwao mdogo wa baba yake huwa wanamwita nani, bwana mkubwa? Akakohoa. Akarudi kwenye kompyuta. Halafu, Baba, na hili nimefikiria sana kama nikuandikie au nikuache, akaniuliza kwa sauti ile ile ya kusoma namba za foleni, mbele ya watu wote waliokaa:

"Huyu alimwoa mama yako?"

Moto wangu ukawaka. Mama yangu, ambaye alikaa kwenye ua mmoja na Mama Mdogo, mke wako, miaka yote hii, wanapika zamu kwa zamu, wanagombana juu ya chumvi na kupatana kabla ya chakula kuiva, leo anaulizwa hivyo juu ya duka la magodoro na mtu ambaye angeweza kuwa mwanawe! Alinijibia dereva mmoja mzee wa malori aliyekuwa nyuma yangu. Akasema, "Kijana, swali kama hilo nenda ukamwulize mama yako, halafu utuambie alikupiga na nini." Chumba kizima kikacheka. Bwana Mfumo hakucheka. Akaandika kitu.

Alichoandika ni kwamba nilete moja kati ya mawili. Ama karatasi ya mahakama inayoonyesha wewe ni mlezi wangu wa kisheria, ama kiapo chako wewe mwenyewe, mbele ya wakili, kwamba wewe si baba yangu na kwamba jina lako liliingia kwenye pasipoti pasipostahili.

Karatasi ya mahakama! Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilisema neno hilo peke yangu njiani mpaka watu wakanipisha. Mahakama ipi ilikuwepo? Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, umepanga chumba chako mjini, una kitanda, redio na brashi tatu. Ukamzika kaka yako Jumanne, na Jumamosi ukarudisha funguo za chumba. Hakuna hakimu aliyekuita. Hakuna aliyekuuliza kama unakubali. Ulikuja na redio yako ukaiweka juu ya kabati la Mama, basi. Mama alipolazwa miezi miwili ulijifunza kusuka nywele zangu, ukasuka njia zimekwenda kombo, nami nikaenda shule nazo nikiringa. Kwenye mikutano ya wazazi ulikaa mstari wa mbele una rangi hadi kwenye nyusi. Nani katika ukoo wetu amewahi kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kumlea mtoto wa kaka yake? Huko ndiko kungekuwa kuchekwa. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na kazi hiyo uliifanya bila mhuri wa mtu.

Marehemu simkani, uelewe. Picha yake ninayo hapa ukutani, ile aliyoegemea baiskeli. Namwombea. Lakini yeye alinipa alichojaliwa kunipa, akaitwa mapema, na wewe ukaendelea pale alipoishia. Sikuwahi kuona kuna ushindani. Ushindani wameuleta wao.

Njia ya mahakama ilipokuwa haipo, nikakutumia fomu ya kiapo. Nilikupigia nikakueleza kwa haraka, nikijifanya ni jambo dogo, karatasi tu za ofisi. Nilitegemea utafoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Badala yake ukasema, "Kama ndiyo itakayomsaidia mtoto, nakwenda leo." Na ukaenda leo hiyohiyo, bega hilo hilo, mvua hiyo hiyo. Hapo ndipo lilipo kosa lako jingine nililolitaja, Baba. Uliharakisha mno. Ungelalamika kidogo! Ungetukana hata mlango! Uliniacha mimi nikiwa na hasira ya watu wawili.

Kiapo kikanifikia kazini. Nilikifungua kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimekaa kwenye lundo la mashuka masafi. Nikasoma: mimi fulani wa fulani, mwenye akili timamu, naapa kwamba mimi si baba wa mwombaji. Saini yako chini, mhuri wa wakili pembeni. Moyo ukanishuka kana kwamba nimesoma tanzia. Na chini kabisa, kwenye kisanduku kidogo kilichoandikwa "uhusiano wa mwapaji na mwombaji," nikakuta mwandiko wako. Herufi nne, kubwa, zimenyooka, zimejaza kisanduku mpaka pembeni.

BABA.

Nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuchungulia. Kisha nikalia, na hao hao wakaja tena. Umekula kiapo kwamba wewe si baba yangu, halafu ukaulizwa wewe ni nani wangu ukajibu bila kufikiri. Na wakili naye akagonga mhuri juu yake! Yeye kwao pia lazima kuna mtu wa namna yako.

Nilijua kitakachotokea, lakini nilikipeleka hivyo hivyo, kwa kuwa siku zilikuwa zinakwisha na kuuliza si ujinga. Bwana Mfumo akasoma juu, akasoma chini. Akaweka kidole pale.

"Hii inajipinga yenyewe."

"Haijipingi. Imesema kweli mara mbili."

"Dada, mfumo hauwezi..."

Hapo, Baba, sikujizuia. Wanasema hasira hasara, nami nilikuwa tayari kupata hasara. Nilimpa vidonge vyake vyote. Nilimwambia kwamba mfumo wake haujawahi kuugua surua, haujawahi kubebwa mgongoni kwenda zahanati, kwa hiyo hauna la kuniambia kuhusu baba. Nilimwambia vikombe vya maji wameshindwa kuweka lakini baba wa watu wanaweza kuwaondoa. Nilimwambia na yale maandishi ya ukutani yamepinda. Askari wa mlangoni akaja, akanishika kiwiko taratibu, akaninong'oneza, "Mama, malizia tu, lakini punguza sauti." Nikamalizia. Nikapunguza kidogo.

Kelele zangu zikamtoa mkubwa wao nyuma ya pazia la dirisha la tatu. Mwanamke wa makamo, kandambili miguuni, viatu kaviacha chini ya meza bila shaka. Akaniita ndani. Hakunipa pole, wala sikumwomba. Akaniwekea karatasi ambayo mimi mwenyewe natakiwa kuisaini, pamoja na kiapo kipya cha kwako. Yangu ilisema kwamba miaka tisa iliyopita nilitoa taarifa za udanganyifu kuhusu mzazi.

Udanganyifu. Nikairudisha kwake mezani. Nikamwambia hii sisaini hata mkininyima pasipoti, hata nikirudishwa kesho na nguo nilizovaa. Kwamba siku ile pale Uhamiaji hakuna aliyedanganya, si wewe, si mimi, si karani. Akaniambia ni maneno ya kawaida ya fomu, kila mtu anasaini. Nikamwambia basi kila mtu amekubali kuitwa mwongo, mimi nimekataa. Niliogopa, Baba, nakwambia ukweli. Nilikuwa naiona mashine yangu anaisimamia mtu mwingine. Lakini kama ningesaini ile, ningewezaje kukuangalia usoni, hata kwenye simu?

Akavuta kalamu. Akakata neno udanganyifu, akaandika juu yake "kutofautiana kwa taarifa", akaweka saini yake ndogo pembeni. Ndiyo hiyo niliyosaini. Ni ushindi mdogo, lakini nilishuka nao ngazi.

Juu ya kiapo chako hakulegea. Nilimwomba basi pale kwenye uhusiano uandike "baba mdogo". Haiwezekani. Wakiingiza kwenye kompyuta yao kuna maneno manne tu ya kuchagua: baba, mama, mlezi wa kisheria, mengineyo. Ukiandika jingine lolote linagonga mwamba tena, na Aprili haitanisubiri.

Mengineyo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mengineyo ni neno la orodha ya sokoni, vile vitu ambavyo mtu amechoka kuvitaja. Nililala nalo siku tatu. Siku ya kwanza niliamua narudi nyumbani, wabaki na pasipoti yao. Nikafungua hata sanduku. Siku ya pili nikamfikiria mdogo wangu wa mwisho na chuo chake, na Mama na dawa zake, na nikakufikiria wewe ukijua kwamba nimeacha kazi kwa sababu ya kisanduku ulichokijaza. Ungeibeba hiyo mpaka kaburini. Siku ya tatu nikafunga sanduku.

Sasa fungua bahasha ya pili.

Humo kuna fomu mpya ya kiapo. Nenda kwa wakili yule yule, namwamini. Saini pale nilipoweka alama ya penseli. Na kwenye kile kisanduku cha chini andika: Mengineyo. Usiandike kingine. Usiongeze maelezo pembeni. Usiandike kwa herufi ndogo kwa aibu, na usiandike kwa herufi kubwa kwa hasira. Andika tu, kama unavyoandika bango la mtu ambaye humpendi lakini keshakupa kazi. Mpe muuguzi, yeye anarudi tarehe mbili Aprili, nitakipeleka ubalozini tarehe nne.

Na ukishamaliza kusaini, zifungue hizo brashi. Sikubali uwe mgonjwa kwa ajili ya watu wasiokujua. Wao wametaka karatasi, watapewa karatasi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kompyuta hamjui mwenye ua. Ulichokosea ni ofisi, Baba. Hukunikosea mimi. Na nikipiga simu Jumapili, upokee wewe. Sitaki kusikia habari za mtu kulala saa nne asubuhi.

Msalimie sana Mama, mwambie lile swali la yule kijana asiulize lilikuwa swali gani, nawe usimwambie. Msalimie Mama Mdogo, mwambie avae miwani. Mdogo wangu wa mwisho mwambie nimemsamehe uwongo wake wa simuni, ila ajifunze kuupanga vizuri zaidi. Mpishi wa shule jirani, fundi viatu wa kona, na shangazi yangu mwenye maneno mengi, wote salamu. Shangazi usimsomee barua hii, maana kesho yake itakuwa imefika mtaa wa pili.

Bado neno moja, nalo ndilo lililonipa usingizi.

Nilipokuwa natoka siku ile nilipita tena dirishani kuchukua stakabadhi yangu. Bwana Mfumo alikuwa na sampuli ya pasipoti mpya mezani, ile ya rangi nyingine. Nikaomba niione. Nikapekua hadi ukurasa wa mwisho kabisa. Pana mistari mitatu mitupu, imeandikwa: mtu wa kuarifiwa mwenye pasipoti akipatwa na jambo. Jina. Simu. Uhusiano. Nikamwuliza, hapa nako mfumo unataka nini? Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hapo mfumo hausomi, dada. Hapo unajaza mwenyewe kwa kalamu, ukishaichukua."

Kwa hiyo watakaponipa hiyo pasipoti yao, kurasa za mbele ni zao. Ule wa mwisho ni wangu. Nitaweka jina lako, namba yako, na kwenye uhusiano nitaandika Baba. Nikifa huku, Mungu apishe mbali, mwili wangu utapelekwa kwako, hautapelekwa kwa Mengineyo.

Mwenyezi Mungu akulinde, akupe nafuu ya bega, na akuweke mpaka nije nikusalimie kwa mikono yangu yote miwili.

Ni mimi nikupendaye, leo kama jana,

Binti yako.